Hataza ya kingamwili ya mifupa: tudai zote, au ile tuliyo nayo mkononi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasomea shahada ya uzamivu, na maabara yetu inashughulika na osteoklasti, zile seli zinazomung'unya mfupa. Tumepata kwa njia ya haibridoma (seli ya kinga iliyounganishwa na seli ya saratani) kingamwili ya panya inayoshika protini fulani iliyo juu ya seli hizo. Inashika protini ya binadamu na ya panya pia. Panya majike tuliowaondoa ovari kisha tukawachoma kingamwili hiyo hawakupoteza mfupa kama wenzao wasiochomwa. Tuna kloni nyingine nne, yaani makundi ya seli ambayo kila moja hutoa kingamwili yake, zinazoshika protini hiyohiyo, ila hatujasoma mifuatano yake (mpangilio wa asidi amino zinazoziunda). Msimamizi wangu anataka tuombe hataza ya kingamwili zote zinazoshika protini hii, ili asitangulie mwingine. Mimi natakiwa kupeleka ikisiri kwenye mkutano wa kisayansi. Je, inawezekana kudai zote? Na kipi kitangulie, ikisiri au ombi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lisiloweza kungoja. Ombi litangulie, ikisiri isubiri. Ama kudai zote, kwa hali mliyo nayo sasa jibu ni hapana. Lakini mna kitu kizuri ambacho nadhani hamjakitia maanani. Umekitaja kwa kupita tu: kingamwili yenu inashika protini ya binadamu na ya panya pia. Nitakifikia.

Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na upya hupimwa kwa siku ombi linapopokelewa. Chochote kilichokuwa wazi kwa umma kabla ya siku hiyo kinahesabiwa dhidi yenu, hata kama mliokiweka wazi ni ninyi wenyewe. Ikisiri kwenye tovuti ya mkutano inahesabiwa. Bango linahesabiwa. Tasnifu iliyowekwa maktabani inahesabiwa, na hata hotuba mbele ya wasikilizaji ambao hawajafungwa na makubaliano ya kutunza siri. Marekani na Japani humpa mvumbuzi miezi 12 ya msamaha tangu alipoitangaza kazi yake mwenyewe. Ulaya haina msamaha huo, isipokuwa pale mtu alipoivujisha siri yako kwa hila, au kwenye maonyesho machache sana ya kimataifa yanayotambuliwa rasmi. Kwa hiyo anayesema "tutangaze kwanza, Marekani wanaruhusu" anaiacha Ulaya nzima kwa uamuzi mmoja, na mara nyingi hajui kwamba ameiacha.

Taaluma hii yenyewe ilianza kwa tangazo lisilo na hataza. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge katika maabara ya MRC, baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, walichapisha kwenye jarida la Nature njia ya kuunganisha seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, na seli ya mieloma, aina ya saratani, ili zizae kingamwili ya aina moja bila kukoma. Njia hiyo haikuombewa hataza. Mwaka 1984 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne, na ndiyo njia mliyoitumia ninyi. Mimi nafurahi kwamba ilibaki wazi kwa kila maabara, kwa sababu ilikuwa nyenzo ya utafiti. Molekuli inayotaka kuwa dawa iko katika hali nyingine. Kabla haijamfikia mgonjwa itahitaji majaribio ya watu wengi kwa miaka mingi. Jaribio la FREEDOM la denosumab, kingamwili inayotibu mifupa dhaifu, lililochapishwa mwaka 2009, lilikuwa na wanawake 7,868 wenye umri wa miaka 60 hadi 90, wakafuatiliwa kwa miaka 3. Mivunjiko mipya ya pingili za uti wa mgongo ilikuwa asilimia 2.3 kwa waliochomwa dawa na asilimia 7.2 kwa waliochomwa maji matupu. Hakuna kampuni itakayogharimia kazi ya ukubwa huo juu ya molekuli ambayo jirani yake anaweza kuinakili kesho yake.

Baada ya ombi la kwanza mnapata miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine mkiwa bado mnahesabiwa kwa tarehe ileile ya kwanza. Mkipitia PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, mnaweza kuahirisha uamuzi wa nchi zipi mziingie hadi miezi 30 tangu tarehe hiyo. Hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya. Wanaandika ombi jembamba la kurasa chache, wanaliwasilisha usiku wa kuamkia mkutano, kisha wanatangaza kila kitu wakidhani wamekingwa. Tarehe ya kwanza inalinda kile tu kilichoandikwa katika ombi la kwanza. Kama mifuatano haikuwemo, dai la mifuatano mtakaloliongeza baadaye litapata tarehe ya baadaye, na ikisiri yenu itakuwa imekaa katikati ikiwashuhudia vibaya. Afadhali ombi likachelewa wiki kadhaa likiwa na nyama.

Sasa tuje kwenye hizo "zote". Kesi ambayo wewe na msimamizi wako mnapaswa kuisoma ni ya Amgen dhidi ya Sanofi, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 18 Mei 2023. Haikuhusu mifupa. Ilihusu PCSK9, protini inayochangia kolesteroli kubaki juu katika damu, lakini hoja iliyobishaniwa ni hiyohiyo ya msimamizi wako. Amgen ilikuwa imeonyesha mifuatano ya kingamwili 26. Ikadai, zaidi ya hizo, kila kingamwili inayoshika sehemu fulani ya PCSK9, sehemu iliyoelezwa kwa asidi amino 15, na kuizuia isishikane na kipokezi cha LDL, kile kinachoondoa kolesteroli katika damu. Kingamwili zinazoweza kuingia katika dai la namna hiyo ni mamilioni. Kwa yeyote atakayezitaka hizo nyingine, Amgen ilimpa njia mbili: arudie hatua zao za kuzalisha kingamwili na kuzichuja, au achukue moja ya zile 26, abadilishe asidi amino hapa na pale, kisha aangalie kama bado inafanya kazi. Majaji wote tisa walikataa, na hukumu ikaandikwa na Jaji Neil Gorsuch. Walisema maelekezo hayo yanamwachia msomaji utafiti wake mwenyewe wa kujaribu na kukosea. Anayedai jamii nzima lazima amwezeshe mwenye ujuzi wa fani hiyo kuitengeneza na kuitumia jamii nzima.

Hata kabla ya hapo mlango ulikuwa umeshaanza kubana. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa inayoshughulikia hataza huko Marekani iliamua kesi ya AbbVie dhidi ya Janssen, kuhusu kingamwili dhidi ya IL-12, protini ya mawasiliano ya seli za kinga. AbbVie ilikuwa na mifano ipatayo 300. Ungedhani inatosha. Lakini yote ilifanana kwa asilimia 90 au zaidi katika maeneo yanayoshika shabaha, wakati kingamwili ya mpinzani ilifanana nayo kwa takriban nusu tu. Mahakama ikasema mifano 300 ya ukoo mmoja haiwakilishi jamii yote. Nakutajia hili kwa sababu ya kloni zenu nne ambazo hamjazisoma. Mkizisoma mkakuta ni ndugu wa ile ya kwanza, mna mfano mmoja uliorudiwa mara tano. Mkikuta zimetoka koo tofauti na zinashika sehemu tofauti za protini, upana wenu unaanza kupata miguu, ingawa bado hautafika kwenye "zote".

Ulaya hufika karibu na mahali hapohapo kwa njia nyingine. Huko, aliye wa kwanza kugundua protini yenyewe, ikiwa ugunduzi huo ni mpya na una hatua ya uvumbuzi, anaweza kuruhusiwa kuielezea kingamwili kwa kutaja tu kile inachokishika. Protini ikishajulikana, fursa hiyo imepita. Mwongozo wa wakaguzi wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya unasema wazi kwamba kupata kingamwili nyingine dhidi ya shabaha inayojulikana ni kazi ya kawaida ya fani, na kwamba kutotabirika kwa mfuatano wake hakutoshi kuiita uvumbuzi. Wanataka jambo lisilotarajiwa: inashika kwa nguvu kuliko zilizopo, inatibu vizuri zaidi, ina madhara machache, au, na hapa ndipo nilipotaka kufika, inashika protini ya spishi nyingine ambayo haikutarajiwa kuishika.

Kwa hiyo ile sentensi yako ya kupita inaweza kuwa moyo wa ombi lenu. Angalia denosumab. Inashika RANKL, protini ambayo osteoklasti huihitaji ili zikomae, ya binadamu na ya nyani, lakini haishiki ya panya. Waliotaka kuipima kwa panya walilazimika kuwatengeneza panya waliopandikizwa sehemu ya RANKL ya binadamu. Kingamwili inayoshika pande zote mbili inaweza kupimwa kwa panya wa kawaida moja kwa moja, na matokeo yake yakaihusu molekuli ileile atakayochomwa mgonjwa. Tena, panya kwa kawaida hatengenezi kingamwili dhidi ya protini yake mwenyewe, kwa hiyo kuipata hiyo kutoka kwa panya ni jambo la kuelezwa, lisiachwe kama bahati. Pimeni nguvu ya kushika kwa kila spishi, muweke tarakimu zote mbili kwenye jedwali, na kama mnaweza kupata kingamwili nyingine iliyowahi kuchapishwa dhidi ya protini hiyo, iwekeni pembeni mlinganishe.

Naomba nikwambie pia maoni yangu juu ya kubana huku, maana najua msimamizi wako atauona kama uonevu. Mimi naona ni haki. Mtu mzee akishavunjika nyonga, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Dawa tulizo nazo zina mapungufu yanayojulikana. Denosumab ikisimamishwa bila dawa nyingine kuifuata, mfupa huanza kumung'unywa kwa kasi, na baadhi ya wagonjwa hupata mivunjiko kadhaa ya pingili kwa mpigo. Romosozumab, inayozuia sklerostini (protini inayopunguza ujenzi wa mfupa), hutolewa kwa miezi 12 tu, na huko Marekani imeandikiwa onyo kali kuhusu shambulio la moyo na kiharusi. Angekuwepo mtu mmoja mwenye ufunguo wa kila kingamwili dhidi ya shabaha fulani, anayekuja na iliyo bora asingekuwa na pa kupita. Nataka mlindwe kwa mlichokifanya, na ninyi pia mwachiwe njia na waliowatangulia.

Basi mdai nini? Tofauti ionekane kwa maneno yenyewe. Dai la msimamizi wako lingesomeka hivi: "Kingamwili inayoshika protini X ya binadamu na kuizuia osteoklasti kumung'unya mfupa." Dai ambalo ningelitanguliza mimi ni hili: "Kingamwili inayoshika protini X ya binadamu, yenye mnyororo mzito ambao eneo lake badilifu lina vitanzi vya mfuatano namba 1, 2 na 3, na mnyororo mwepesi ambao eneo lake badilifu lina vitanzi vya mfuatano namba 4, 5 na 6." Vitanzi hivyo sita ndivyo vinavyoshika shabaha. Kuanzia hapo mnapanuka taratibu: maeneo badilifu yote mawili kwa ukamilifu, kisha yanayofanana nayo kwa asilimia mnayoweza kuitetea huku vitanzi sita vikibaki bila kuguswa, kisha umbo lililobadilishwa lifanane na la binadamu, vipande vyake, jeni zinazoizalisha, seli zinazoitoa, na dawa iliyochanganywa tayari kuchomwa. Dai la kila kingamwili inayogombea sehemu moja na yenu sikukatazi kuliandika. Liwekeni chini, mkijua huenda likaanguka, na mhakikishe ombi halianguki nalo. Na ikiwa hamjaifanya iwe ya kibinadamu bado, anzeni sasa kuandaa angalau matoleo machache, kwa sababu ile ya panya haitachomwa mtu: mwili wake utaitambua kuwa ngeni na kuishambulia.

Kuhusu mifuatano, kuna mtego wa haibridoma unaoweza kuwagharimu hataza. Seli za mieloma zinazotumika kuunganishia huwa zinabeba ujumbe wa mnyororo mwepesi wa kwao wenyewe. Baadhi hutoa protini yake, na hata zile zinazoitwa zisizotoa, kama SP2/0, bado zina RNA yake. Ukisoma RNA ya haibridoma unaweza kuusoma mnyororo huo wa mieloma ukadhani ni wa kingamwili yako. Ombi likiwasilishwa nao, umeeleza kwa ukamilifu molekuli isiyoshika chochote, na marekebisho ya baadaye hayaruhusiwi kuongeza kitu ambacho hakikuwemo. Dawa yake ni moja. Chukueni mifuatano mliyosoma, itengenezeeni jeni, izalisheni kingamwili upya katika seli nyingine kama HEK293, seli za binadamu zinazokuzwa maabarani, kisha mpime kama hiyo mpya inashika protini na kuzuia osteoklasti sawasawa na ile ya haibridoma. Msiwasilishe ombi kabla ya matokeo hayo. Orodha ya mifuatano yenyewe huandikwa kwa kanuni ya kimataifa ya ST.26, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2022. Wakili wenu atajua. Mkitaka usalama zaidi, wekeni haibridoma katika hifadhi inayotambuliwa na Mkataba wa Budapest, unaohusu kuhifadhi seli na vijidudu kwa ajili ya hataza.

Sehemu ya mfupa ndiyo ninayoona watafiti wanaipunja, nanyi ndio wenye ujuzi nayo. Ofisi haitaki mthibitishe kwamba mgonjwa amepona. Inataka kuona sababu ya kuamini kwamba dai la tiba lina msingi siku ile ya ombi. Baraza kuu la rufaa la Ofisi ya Hataza ya Ulaya, katika uamuzi G 2/21 wa Machi 2023, lilikubali kwamba ushahidi uliopatikana baadaye unaweza kuzingatiwa katika kupima hatua ya uvumbuzi, ilimradi faida inayodaiwa iwe inatokana na mafundisho yaliyokuwemo tangu mwanzo. Kwenye madai ya tiba wamebaki wakali zaidi. Kwa hiyo wekeni kila mlicho nacho. Hesabu ya osteoklasti zilizopakwa rangi ya TRAP, kimeng'enya kinachozitambulisha, kwa seli za panya na za binadamu. Mashimo yaliyochimbwa juu ya vipande vya mfupa, yakiwa na kingamwili na bila kingamwili, kwa dozi zinazopanda. Picha za CT ndogo za ndani ya mfupa wa paja. Kiwango cha CTX katika damu, ambacho ni vipande vya kolajeni vinavyobaki mfupa ukimung'unywa. Na kama mnaweza, nguvu inayohitajika kuuvunja mfupa wenyewe, kwa sababu mgonjwa havunjiki kwa kukosa msongamano kwenye picha.

Pimeni pia P1NP, alama ya mfupa mpya unaojengwa. Ninalisisitiza hili kuliko vipimo vingine vyote. Kujenga na kubomoa mfupa huenda pamoja: dawa zinazozima osteoklasti, denosumab ikiwemo, hushusha pia kazi ya osteoblasti, seli zinazojenga mfupa. Kama kingamwili yenu inapunguza ubomoaji huku ujenzi ukiendelea kama kawaida au karibu na kawaida, hiyo ni faida ambayo mkaguzi ataielewa mara moja, na daktari wa mifupa ataielewa kabla yake. Ikiwa damu ya wale panya bado imo kwenye jokofu, kipimo hicho kinaweza kufanyika bila kuanza jaribio upya.

Magonjwa myataje kwa kadiri ya ushahidi. Panya aliyeondolewa ovari anasimama badala ya mwanamke aliyekoma hedhi. Hasimami badala ya mgonjwa wa saratani iliyosambaa mifupani, wala wa baridi yabisi inayokula viungo, wala anayedhoofika mifupa kwa dawa za steroidi. Orodheni magonjwa hayo katika maelezo, na kwa kila moja mweleze kwa nini njia ya ugonjwa inapitia osteoklasti na protini yenu. Mkikosa, atakuja mwingine na kuchukua matumizi ambayo hamkuyafikiria. Siglec-15 ni mfano. Ilianza kufahamika katika mifupa kama protini ya osteoklasti, na Daiichi Sankyo ya Japani na Alethia ya Kanada kila moja ikajipatia hataza za kingamwili dhidi yake. Mwaka 2019 kundi la Lieping Chen wa Chuo Kikuu cha Yale likachapisha kwamba protini hiyohiyo hudhoofisha kinga ya mwili ndani ya uvimbe wa saratani, na kampuni zikaanza kuifukuzia kwa sababu nyingine kabisa.

Matumizi na dozi vina uzito wake pekee. Denosumab huuzwa kwa majina mawili: Prolia, miligramu 60 kila miezi 6 kwa mifupa dhaifu, na Xgeva, miligramu 120 kila wiki 4 kwa wagonjwa ambao saratani imewafika mifupani. Molekuli ni ileile. Marekani unaweza kudai njia ya kumtibu mgonjwa. Ulaya hairuhusu hataza ya njia ya tiba, ila inaruhusu dai la "kingamwili kwa matumizi katika kutibu" ugonjwa fulani, hata kwa mpangilio mpya wa dozi. Ninyi bado hamna dozi ya mtu, na msibuni. Hilo ni ombi la miaka ijayo, na litakuwa na thamani zaidi likija na data.

Kuna suala ambalo hukuuliza, nalo linawakumba wengi: kupewa hataza si sawa na kuruhusiwa kuuza. Mnaweza kupata hataza ya kingamwili yenu na bado mkawa ndani ya dai pana la mtu aliyewatangulia kwenye shabaha hiyo. Tafuteni kabla ya kuomba, na mtafute kwa majina yote. Protini inayoshikwa na denosumab iligunduliwa karibu wakati mmoja na makundi tofauti mwishoni mwa miaka ya 1990, kila kundi likaipa jina lake: OPGL kwa Amgen, RANKL kwa Immunex, ODF kwa Wajapani wa Snow Brand, na TRANCE kwa watafiti waliokuwa wakichunguza seli za kinga. Jeni yenyewe huitwa TNFSF11. Aliyetafuta "RANKL" peke yake alikosa maandiko mengi. Tafuteni pia kwa mfuatano wa protini yenyewe, kwa kuwa hataza nyingi za zamani za jeni zimeibeba chini ya namba tu, bila jina.

Muda nitaupitia haraka. Hataza hudumu miaka 20 tangu ombi, na kwa dawa sehemu kubwa huliwa na majaribio. Nchi kadhaa, zikiwemo Marekani na za Umoja wa Ulaya, hurudisha hadi miaka 5. Nje ya hataza, Marekani humpa mwenye dawa ya kibayolojia miaka 12 ambayo dawa mfanano, yaani nakala yake ya karibu ya kampuni nyingine, haiidhinishwi kwa kuegemea data zake. Prolia iliidhinishwa Marekani Juni 2010. Dawa mfanano ya kwanza, ya Sandoz, iliidhinishwa Machi 2024, na baada ya kesi na maafikiano ikaingia sokoni mwaka 2025. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutokimbilia ombi jembamba: saa ya miaka 20 huanza kugonga mara tu mkiwasilisha ombi kamili, iwe mna data au hamna.

Kuhusu majina, kwa kuwa wewe ni mwanafunzi na huenda unaona haya kuuliza. Mvumbuzi ni yule aliyetoa wazo linalodaiwa au sehemu yake. Ukubwa wa cheo hauhusiki, wala aliyefuata maelekezo tu haingii. Kama ni wewe uliyefikiria namna ya kuchuja kloni hadi ikapatikana inayoshika spishi zote mbili, na hilo limo kwenye madai, jina lako linatakiwa kuwemo kisheria. Kumwacha mvumbuzi, au kumwongeza mkubwa kwa heshima, kunaweza kuitia hataza matatani hasa siku itakapokuwa na thamani. Mwambie msimamizi wako kwa adabu, na mapema, ukiwa na daftari lako la maabara lenye tarehe. Umiliki ni suala jingine, na mara nyingi ni wa chuo. Someni mlichotia saini.

Kuhusu ikisiri yenyewe: waulize waandaaji ni siku gani ikisiri zinawekwa wazi, maana mara nyingi hutangulia mkutano kwa wiki kadhaa. Ikiwa siku hiyo inakuja baada ya ombi kamili kupokelewa, ipeleke kama ilivyo. Ikiwa inakuja kabla, andika ikisiri ya mfano wa panya na namna mnavyopima mashimo ya mfupa, bila jina la protini, bila kutaja kingamwili, bila picha inayoweza kufichua. Na iombee tasnifu yako kufungwa kwa muda kabla hujaikabidhi, kwa sababu baadhi ya maktaba huiweka mtandaoni siku hiyohiyo ya kuipokea.